Umbali wa Ndege, Umbali wa Mtu

Mama mmoja wa Dandora aliingia ofisini kwangu Eastleigh akiwa ameshika karatasi ya tiketi iliyokunjwa mara nne. Msafiri hakuwa yeye. Ni bintiye aliyekuwa anaondoka kesho yake usiku kwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani. Tiketi ilikatiwa kwingine, lakini mama alikuwa na swali na hakuwa na wa kumwuliza. Akaiweka karatasi mezani, akaipapasa mpaka mikunjo ikalala, kisha akasema, "Mwanangu, hebu niambie. Huku ni mbali kama wapi?"

Nimekata tiketi hapa First Avenue kwa miaka 14. Watu huniuliza bei, kilo za mizigo, visa, na kama chakula cha ndani ya ndege ni halali. Swali la mama huyu huulizwa mara chache, nami nililijibu vibaya. Nilimwambia, "Kilomita 3,100, mama." Akanitazama tu. Alikuwa ametaka jibu, nami nimempa tarakimu.

Nikajaribu upya. "Mombasa unaijua?" Akasema amekwenda mara mbili, kwa basi la usiku. "Basi, ndege ikinyoosha kutoka hapa hadi Mombasa hukata kilomita kama 420. Riyadh ni Mombasa saba na kidogo." Akahesabu kwa vidole. "Na kwa saa?" Nikamwambia saa nne na nusu hivi. Macho yakamtoka. "Saa nne na nusu? Mimi Mombasa nilikaa kwenye basi saa tisa!"

Tangu siku hiyo simtajii mteja kilomita kabla ya saa, wala saa kabla ya kumweleza saa hizo zinatoka wapi. Haya ninayoyaandika ndiyo maelezo ninayoyatoa mezani kwangu kila siku, kwa watu wa Kayole, Umoja, Donholm, Pipeline na hapa Eastleigh wanaotafuta njia ya kwenda Asia: wauza nguo wanaokwenda Guangzhou, wagonjwa wanaokwenda India, mahujaji wanaokwenda Jeddah, na vijana wanaokwenda kutafuta kazi nchi za Ghuba.

Juu ya mapaa yetu

Sisi wa Eastlands tunaishi na ndege kuliko mtu yeyote mwingine Nairobi. Mimi nakaa Utawala. Alfajiri, kabla ya muadhini na kabla ya jogoo wa jirani, huwa nimeshasikia ndege ikipaa, na vioo vya dirisha la jikoni vinatetemeka kidogo. Watoto wa plot yetu wanajua rangi za mikia ya ndege kama wanavyojua majina ya matatu.

Si bahati tu kwamba ndege nyingi hupita juu yetu. Ndege hupaa na kutua ikielekeza pua kwenye upepo, na upepo wa Nairobi mara nyingi huvuma kutoka mashariki. Njia ya kurukia ya uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA), yenye urefu wa zaidi ya kilomita nne, imeandikwa namba 06 upande mmoja na 24 upande wa pili. Namba hizo ni nyuzi za dira zilizokatwa sifuri ya mwisho. Ndege inayotumia 06 inaelekea nyuzi karibu 60 kutoka kaskazini, yaani kaskazini mashariki, na huko ndiko kwetu Utawala na Ruai. Sasa, ukipima njia fupi kabisa kutoka Nairobi hadi Guangzhou, mstari wake unaanza kwenye nyuzi kama 66. Hilo liliponidhihirikia nililifurahia sana. Ile njia ya lami pale Embakasi inakaribia kuinyooshea China kidole.

Na lami hiyo ina historia ambayo kila kijana wa Eastlands anastahili kuijua. Kabla yake, ndege kubwa zilitua hapa hapa Eastleigh, mahali ambapo leo ni kambi ya jeshi la anga ya Moi. Januari 1950 shirika la Air India lilianzisha safari ya Bombay hadi Nairobi kupitia Aden. Kwa Wahindi na Wagoa waliokuwa wakiishi Eastleigh wakati huo, ilikuwa ni mapinduzi. Wazazi wao walikuja kwa majahazi na baadaye kwa meli kama Karanja na Kampala, zaidi ya wiki moja baharini, kisha treni kutoka Mombasa. Ghafla Bombay ikawa safari ya kulala njiani usiku mmoja.

Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na waliouchimba kwa majembe na sururu walikuwa wafungwa na mahabusu wa wakati wa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianzisha Operesheni Anvil, ikasomba maelfu kwa maelfu ya wanaume kutoka mitaa yetu hii na kwingineko mjini. Wengi walipelekwa kambi za mbali, na Embakasi nayo ikawa na kambi yake, ya watu waliopasua mawe ili wengine wapae. Kila ninapompeleka mtu wangu uwanjani huwakumbuka. Njia tunayoiona kuwa ya wenye pesa ilijengwa kwa migongo ya watu kama baba zetu.

Chungwa na uzi

Mteja akiniuliza kwa nini ndege haifuati mstari ulionyooka kwenye ramani, namtolea chungwa. Droo yangu haikosi chungwa na kipande cha uzi. Weka ncha moja ya uzi hapa, ncha nyingine pale, kaza. Uzi uliokazwa ndio njia fupi, na ndiyo njia ambayo rubani angependa kuifuata, kwa sababu dunia ni ya mviringo na ramani ya ukutani imelazwa kwa nguvu ikawa bapa. Dubai na Guangzhou, kwa mfano, ziko karibu sawa kutoka ikweta. Kwenye ramani ungedhani ndege inyooshe mashariki tu. Uzi kwenye chungwa hupinda kaskazini, ukakaribia mpaka wa India na Nepal, kisha ukateremka.

Ukikaza uzi huo kutoka Nairobi, hizi ndizo namba ninazozijua kwa moyo: Addis Ababa, kilomita 1,160 hivi. Jeddah, 2,570. Riyadh, 3,100. Doha, 3,350. Dubai, 3,550. Mumbai, 4,530. Guangzhou, 8,680. Namba hizi hazibadiliki. Zilikuwa hizo hizo siku za majahazi na zitakuwa hizo hizo wajukuu zetu wakisafiri.

Kinachobadilika ni kila kitu kingine. Ndege kubwa ikiwa juu, kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini, hukimbia kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya 3,550 kwa 900 utapata chini ya saa nne. Lakini tiketi ya Dubai inasema saa tano. Wateja huhisi wamedanganywa. Hakuna aliyedanganywa. Muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inapoegeshwa kule. Ndani yake kuna kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia, kungoja zamu, kupanda polepole, kushuka polepole, na pengine kuzungushwa hewani hadi uwanja upate nafasi.

Nairobi ina jambo lake la ziada. Uwanja wetu uko mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na jua la mchana huzidi kuifanya nyepesi. Hewa nyepesi haibebi bawa vizuri, kwa hiyo ndege iliyosheheni mafuta ya safari ndefu hupaa vyema zaidi usiku kukiwa na baridi. Hiyo ni sababu mojawapo ya wewe kusafirishwa usiku wa manane huku umejifunga shuka.

Kilomita 700 zinazokula saa tano

Wauza nguo wa Eastleigh ndio walionifundisha kupima safari. Tangu Garissa Lodge igeuzwe kutoka nyumba ya wageni kuwa maduka, miaka ya tisini mwanzoni, biashara ya hapa imeishi kwa ndege na meli za Mashariki. Kwanza ilikuwa Dubai. Kisha watu wakagundua kwamba bidhaa za Dubai nyingi zinatoka China, wakaona ni afadhali waende zinakotoka. Mara mbili kwa mwaka, majira ya Aprili na majira ya Oktoba, kuna yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou yaliyoanza mwaka 1957, na hapo simu yangu hailali.

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni ndege ya moja kwa moja: kilomita 8,680, karibu saa 11. Ya pili ni kupitia Dubai: 3,550 kisha 5,830, jumla 9,380. Tofauti ni kilomita 700 tu. Ni kama kwenda Mombasa kwa ndege na kurudi hadi karibu na Makindu. Angani, hizo ni chini ya saa moja. Mtu akiangalia ramani anasema, basi zote ni sawa, nipe ya bei nafuu.

Hapo namwekea karatasi. Tuchukue mfano wa tiketi ya kawaida. Inaandika hivi: kutoka Nairobi 16:35, kufika Dubai 22:40. Kutoka Dubai 02:50, kufika Guangzhou 14:10, na kando kuna alama ya kujumlisha na namba 1.

Kila saa kwenye tiketi ni saa ya mji husika. Nairobi iko saa tatu mbele ya saa ya dunia ya Greenwich, Dubai iko nne, na China nzima, pana ilivyo, inatumia saa moja tu, ya nane. Kwa hiyo ukitoa 16:35 kwenye 22:40 unapata saa sita na dakika tano, lakini moja kati ya hizo si ya safari. Ni saa ya Dubai iliyotangulia yetu. Safari yenyewe ni saa tano na dakika tano. Dubai hadi Guangzhou utapata saa 11 na dakika 20, toa nne, zibaki saba na dakika 20. Katikati umekaa Dubai saa nne na dakika kumi. Jumlisha vyote: saa 16 na dakika 35.

Ile ya moja kwa moja ni 11. Umeongeza kilomita 700, umelipa saa tano na nusu, na sehemu kubwa umeilipa ukiwa kwenye kiti cha chuma chini ya taa zisizozimwa. Wapo wanaochagua hivyo kwa haki kabisa, maana bei nafuu huongeza marobota mawili ya nguo. Ninachotaka ni mtu achague akiwa anajua. Ndiyo maana nasema kila siku: usiulize kilomita, wala usiulize saa za kuruka peke yake. Uliza saa zote, kuanzia mlango wa ndege ya kwanza unapofungwa hadi wa mwisho unapofunguliwa.

Saa yetu na saa ya tiketi

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna hesabu moja zaidi. Saa yetu inaanza na jua. Likichomoza tunaanza kuhesabu, na likizama tunaanza upya. Tiketi inaanza katikati ya usiku na kuhesabu hadi 24. Mteja anaona 16:35 na mimi namwambia saa kumi na dakika 35 jioni. Anaona 02:50, namwambia saa tisa kasoro dakika kumi usiku. Mzee mmoja wa Umoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa anampeleka mkewe Chennai kutibiwa, aliniomba nimwandikie safari nzima kwa saa ya Kiswahili. Nikamwandikia, na tangu siku ile huwaandikia wote. Mwalimu alikuwa na hoja nzuri: India iko saa mbili na nusu mbele yetu, na ile nusu ndiyo inayowapoteza watu.

Kosa lililowahi kuniuma kuliko yote lilitokea hapo, mwaka wangu wa pili kazini. Kijana wa Kayole alikuwa na tiketi ya Jumanne saa 00:45. Nilimpa karatasi, nikamtakia safari njema. Jumanne usiku, saa tatu, alinipigia simu akiwa uwanjani na mabegi yake. Ndege yake ilikuwa imeondoka usiku uliotangulia. Alikuwa amefika saa 20 na zaidi baada ya kuachwa. Mjomba wake alikuwa ameuza pikipiki ili ile tiketi ipatikane. Nililipa sehemu ya faini ya kubadilisha kutoka mfukoni mwangu, na nisingeweza kulala nisipofanya hivyo, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeshanipa maneno na sikuyatumia. Hiyo ni "usiku wa kuamkia Jumanne". Ukimwambia hivyo mtu yeyote wa Kayole, anajua kwamba Jumatatu jioni lazima awe ameshafunga mizigo.

Kaskazi ya juu

Wazee wetu wa pwani walijua kwamba umbali bila upepo ni nusu ya habari. Kaskazi ilivuma kuanzia Desemba ikaleta majahazi ya Oman na Gujarati hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi ilipoingia, kuanzia Aprili, ikayarudisha. Aliyekosa msimu alikaa miezi. Hakuna nahodha aliyesema Muscat ni maili kadhaa. Alisema ni siku kadhaa ukiipata kusi vizuri.

Watu hudhani injini zilimaliza habari hiyo. Hazikuimaliza. Juu kule ndege zinakopita, upande wa kaskazini mwa India na kusini mwa China, kuna mkondo wa upepo unaokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi yao, Desemba hadi Machi, unaweza kupita kilomita 150 kwa saa. Ndege ya kwenda Guangzhou husukumwa mgongoni, na ya kurudi hupigwa usoni. Ndiyo sababu Dubai hadi Guangzhou ni saa saba na ushei, na Guangzhou hadi Dubai ni nane au zaidi. Njia ni ile ile, rubani ni yule yule, na kilomita hazikuongezeka hata moja. Mama mmoja anayeuza mapazia Second Avenue aliniuliza kama marubani wa kurudi huwa wamechoka. Nilipomweleza alisema kwao Kizingitini, kule Lamu, hilo hata mtoto analijua.

Zaidi ya upepo kuna binadamu. Anga ina mipaka kama ardhi, na nchi ikifunga anga yake ndege huzunguka. Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar na kufunga anga zao kwa ndege zake, hadi Januari 2021. Ndege ya Doha kuja Nairobi, ambayo ilikuwa ikikata juu ya Saudia, ikabidi ipitie upande wa Iran na Oman kwanza ndipo igeuke kuja kwetu. Doha haikusogea hata hatua moja. Lakini kwa vijana wetu waliokuwa wakijenga viwanja vya Kombe la Dunia, nyumbani kulisogea mbali. Tena tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, muda mfupi kabla ya makombora ya Iran kurushwa, na abiria wa pande zote wakakwama. Usiku huo nilikesha na simu mbili, ya kulia nikiongea na abiria, ya kushoto nikiongea na mama zao.

Kilomita kumi za kwanza

Kuna sehemu ya safari ambayo haimo kwenye tiketi yoyote, nayo ndiyo inayowaangusha watu wa Eastlands. Tunakaa karibu na uwanja hivi kwamba tunaudharau. Kutoka Kayole hadi JKIA ni kama kilomita kumi. Usiku wa manane ni dakika 20. Saa kumi na moja jioni, kukiwa na mvua, na foleni imeshikana kuanzia Outering hadi Mombasa Road, nimeona mtu akitumia saa moja na nusu. Barabara ya Expressway iliyofunguliwa mwaka 2022 inawafaa wanaotoka Westlands. Sisi wa upande huu bado tunapambana na barabara za chini.

Kisha kuna foleni ya ukaguzi wa kuingia, ya mizigo, ya uhamiaji, ya ukaguzi wa pili. Ndiyo maana nasema saa tatu kabla, na kwa anayesafiri mara ya kwanza nasema nne. Mtu atakayechukua ndege ya saa tano kwenda Dubai, ukihesabu tangu anapofunga mlango wake Kayole hadi anapolala kitandani Deira, atakuwa ametumia kama saa 11. Chini ya nusu ya muda huo ndiyo ya angani. Mara nyingine naona kwamba tunahesabu ndege kwa sababu ndiyo sehemu iliyo rahisi kuhesabika.

Swali la pili la mama

Sasa nirudi kwa mama wa Dandora. Alipokwisha kushangaa habari ya saa nne na nusu, alinyamaza kidogo. Akaivuta karatasi ya tiketi upande wake, akaigeuza nyuma na mbele kama anayetafuta kitu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na ya kurudi iko wapi?"

Haikuwapo. Ilikuwa tiketi ya kwenda tu. Nilimweleza kwamba mkataba wa kazi hizi kwa kawaida ni miaka miwili, na ya kurudi hukatwa mkataba ukiisha. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi si saa nne na nusu," akasema. "Ni miaka miwili."

Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sina. Kwa miaka yote nimekuwa nikipima njia ya ndege, naye kwa sentensi moja akapima njia ya mtu. Mfanyabiashara akienda Guangzhou, ambako ni mbali karibu mara tatu ya Riyadh, wiki mbili baadaye yuko dukani kwake Jam Street. Binti wa Dandora yuko karibu zaidi kwa kilomita, na karibu zaidi kwa saa, lakini hakuna ndege ya Ijumaa atakayoipanda mama akiugua. Umbali wake unapimwa kwa mkataba, kwa pasipoti iko mikononi mwa nani, na kwa nauli. Vyote hivyo havionekani kwenye chungwa langu. Nikiona sasa tiketi ya upande mmoja ya msichana wa mitaa yetu, huuliza mambo matatu kabla ya kuigusa: nakala ya mkataba anayo, nyumbani wamebaki na nakala ya pili, na namba ya ubalozi wetu ameiandika mahali nje ya simu. Simu huweza kuchukuliwa.

Siku ile nilichoweza kumpa mama ni kidogo. Nilichukua karatasi ile, nikaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: *Usiku wa kuamkia Alhamisi. Anaondoka saa nane na nusu usiku. Anatua saa moja asubuhi.* Kisha nikamweleza jambo moja ambalo wengi hawalijui. Saudia na Kenya ziko kwenye saa moja. Dubai wametutangulia saa moja, India mbili na nusu, China tano, lakini Riyadh na Nairobi hazipishani hata dakika. "Mama, saa yako ya ukutani na yake ni ile ile. Ukiona saa mbili usiku, kwake nako ni saa mbili usiku. Ukipiga simu hutamwamsha."

Aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, safari hii mara moja tu, akaitia kifuani.

Alhamisi saa tatu asubuhi simu yangu ililia. "Ametua," akasema, "saa ile ile uliyoniandikia." Juzi alipita tena hapa, akitoka Gikomba na mzigo wa mitumba, akaingia kunisalimu. Kila Jumapili saa mbili usiku wanaongea. Karatasi ameibandika ukutani, kando ya saa. Nilimwuliza binti amebakisha muda gani, akanijibu bila kufikiri, kama mtu anayeihesabu hesabu hiyo kila asubuhi: miezi mitano na siku tisa.